Sukari na "Sugar": Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila nikifika kwenye somo la maneno ya mkopo, kuna mkono unaoinuka nyuma ya darasa. "Mwalimu, sukari si ni sugar ya Wazungu tu, tumeipachika i mwishoni?" Nimelisikia swali hilo miaka na miaka, na kila nikilijibu huzaa mengine. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake, kwa sababu neno hili nalipenda na linastahili kusimuliwa safari yake yote.

Je, "sukari" limetokana na "sugar" la Kiingereza?

Hapana. Sisi tulilipata kwa Waarabu, na Waingereza walilipata kwa Wafaransa. Ukirudi nyuma karne kadhaa, njia hizo mbili zinakutana kwenye neno lile lile la Kiarabu, sukkar. Basi "sugar" na "sukari" ni binamu, na aliyekaa karibu zaidi na nyumba ya babu ni sukari.

Utathibitishaje? Pengine wazee walisikia "sugar" wakaibadilisha.

Ushahidi umo ndani ya neno lenyewe. Tazama mwisho wake. Kiswahili kikipokea neno la Kiarabu linaloishia na -ar, hulitia i: safar ikawa safari, khabar ikawa habari, khatar ikawa hatari, jauhar ikawa johari. Sukkar imepita mlango huo huo ikawa sukari. Ile kk ya Kiarabu inayokazwa nayo ikalegea kuwa k moja, kama dukkan ilivyokuwa duka.

Sasa linganisha na maneno tuliyochukua kwa Waingereza yanayoishia na -er au -or. Hayo huishia na a: dokta, kompyuta, mita, lita. Kama tungechukua neno la Kiingereza, leo tungekuwa tunakunywa chai ya "shuga". Na hapa ndipo panaponifurahisha: hilo "shuga" tunalo kweli! Kila mtu wa mjini anajua maana ya shuga dadi na shuga mami. Kwa hiyo Kiswahili kina neno hili mara mbili. Moja lilikuja na majahazi likakaa jikoni. La pili limekuja juzi na Kiingereza, na halikuruhusiwa kuingia kwenye kikombe cha chai, kwa sababu kiti kilikwisha kukaliwa.

Basi mzizi wenyewe uko wapi?

India. Katika Kisanskriti kuna neno sharkara, na maana yake ya kwanza haina utamu hata chembe: ni changarawe, kokoto ndogo, mchanga wa chengachenga. Baadaye ndipo likatumika kwa sukari ya punje.

Kwa nini kitu kitamu kiitwe changarawe?

Aliyewahi kuona miwa ikipikwa hahitaji maelezo marefu. Unakamua miwa, unapata maji yake. Unayachemsha, yanakuwa mazito kama uji. Ukiendelea kuyapika kisha ukayaacha yapoe, yanaganda. Ukizidi kusafisha na kutenganisha, unapata punje ngumu zinazong'aa, na ukizitia mdomoni zinakwaruza meno kabla hazijayeyuka. Mtu ambaye hajawahi kuona kitu kama hicho angekiitaje? Changarawe.

Wahindi wa kale walikuwa na jina kwa kila hatua ya upishi huo, na majina matatu kati ya hayo yameizunguka dunia. Donge lililoganda bila kusafishwa waliliita guda, yaani bonge, na hilo ndilo lililotufikia kama guru. Mapande magumu waliyaita khanda, kipande. Waajemi wakasema qand, Waarabu wakapata qandi, Wafaransa wakaita sukari ya mabonge sucre candi, na Kiingereza kikabaki na "candy", neno ambalo watoto wa Marekani hulitumia kwa peremende. Zile punje ndizo sharkara.

Hebu fikiri. Sufuria moja, jiko moja, na ndani yake guru, "candy" na "sugar". Mwanakijiji wa India aliyekoroga chungu hicho zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita hakuwa na habari kwamba anawapa watu wa Tanga, Cairo na London maneno ya kusema.

Kwa hiyo muwa asili yake ni India?

Mmea wenyewe ulitoka mbali zaidi. Ulianza kulimwa New Guinea, maelfu ya miaka kabla ya Kristo, ukasambaa kupitia visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia hadi India. Kilichogunduliwa India ni ufundi wa kugeuza maji ya miwa kuwa punje kavu ambazo zinaweza kutiwa kwenye gunia na kusafirishwa. Utamu wa muwa ulikuwa wa anayeishi karibu na shamba. Punje ndizo zilizosafiri, na jina likasafiri nazo.

Wagiriki na Warumi waliijua sukari?

Waliisikia kabla ya kuionja. Nearchus, aliyeongoza merikebu za Alexander Mkuu kutoka India mwaka 325 kabla ya Kristo, aliandika kuhusu matete ya huko yanayotoa asali bila nyuki. Huo ndio mshangao wa mtu aliyezoea kwamba utamu hutoka mzingani.

Katika karne ya 1 baada ya Kristo, tabibu Dioscorides aliitaja kwa jina: sakkharon. Alisema ni aina ya asali iliyoganda, inayopatikana kwenye matete huko India na Arabia, inafanana na chumvi na huvunjika kati ya meno kama chumvi. Plinius wa Roma naye aliandika wakati huo huo kwamba hutumika kwa dawa tu. Ndiyo, Warumi waliijua kama dawa, na hawakuipeleka jikoni.

Jina hilo la Kigiriki halikufa. Karl Linnaeus alipoyapanga majina ya mimea mwaka 1753, muwa aliuita Saccharum officinarum, na neno la pili maana yake ni "wa maduka ya dawa". Mwaka 1879 Constantin Fahlberg na Ira Remsen walipogundua kitu kitamu kuliko sukari katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kikaitwa sakarini. Kiingereza kwa hiyo kimelichukua neno moja mara mbili, kwa njia mbili: "sugar" kupitia Waarabu, na "saccharin" kupitia Wagiriki.

Je, zama hizo za kale sukari ilifika Afrika Mashariki?

Swali hili hunichangamsha kuliko yote. Wengi tunakijua shuleni kile kitabu cha mwongozo wa mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kwa sababu ndicho kinachoutaja mji wa Rhapta katika pwani ya Azania. Tunakisoma kwa ajili ya pembe za ndovu na mitumbwi iliyoshonwa. Kurasa chache kabla ya Rhapta, mwandishi anaorodhesha bidhaa ambazo merikebu zilileta kutoka Barygaza na maeneo jirani ya India hadi bandari za Pembe ya Afrika, upande wa Somalia ya leo: ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, nguo za pamba, na "asali ya matete iitwayo sakkhari".

Sakkhari! Kisome kwa sauti. Karibu miaka elfu mbili iliyopita, katika ufuo wa bahari yetu hii, mtu alipakua mzigo wa kitu kitamu chenye jina ambalo muuza duka wa Mombasa angelielewa leo bila mkalimani.

Lakini tusichanganye mambo. Neno letu la sasa halikushuka moja kwa moja kutoka kwenye mzigo ule. Umbo lake, kama nilivyoonyesha juu, ni la Kiarabu, na lilikuja baadaye.

Neno lilitokaje India hadi Uarabuni?

Kupitia Uajemi. Waajemi walilima miwa na kupika sukari katika jimbo la Khuzestan kabla ya Uislamu kuingia huko, na kwao neno lilikuwa shakar. Mfalme Heraclius wa Bizanti alipoiteka kasri ya Dastagird mwaka 628, sukari ilikuwa miongoni mwa ngawira. Waarabu walipoitawala Uajemi muda mfupi baadaye walichukua kilimo, upishi na jina. Sh ikawa s, k ikakazwa, likawa sukkar. Kisha wakaupeleka muwa Misri, Sicily na Hispania.

Je, lina uhusiano na Kiarabu cha "kulewa"? Na "shukuru" je?

Wanaojua Kiarabu huuliza hili, na si swali la ovyo. Kiarabu kina mzizi wa s-k-r wenye maana ya kulewa, na katika Kiswahili tunao kwenye sakarani, mlevi, na sakaratulmauti, ule ulevi wa kukata roho. Herufi ni zile zile, lakini sukkar ni mgeni aliyetoka Kiajemi. Alipofika alikuta mwenyeji wanayefanana sura, basi. Shukuru nalo lina mzizi wake, sh-k-r, wa kutoa asante. Hawahusiani.

Mbona Wahispania husema "azúcar" na Waitalia "zucchero"? Ile a imetoka wapi?

Hapa msomaji aliyepita madrasa atatabasamu. Kiarabu huweka al- mbele ya jina, na ile l humezwa ikikutana na herufi shamsia kama sin. Haisemwi al-sukkar, husemwa as-sukkar, kama tusemavyo as-salaam. Wahispania na Wareno waliishi na Waarabu karne nyingi, wakalisikia neno likiwa na kilemba chake kichwani, wakadhani kilemba ni sehemu ya mwili. Ndiyo maana Wahispania wana azúcar na Wareno wana açúcar.

Waitalia walilipata bila kilemba: zucchero. Wajerumani wakasema Zucker, Wafaransa sucre. Sisi nasi tulilipokea bila al-. Kwa hiyo ukimsikia mtu wa Lisbon na mtu wa Unguja wakitaja sukari, unasikia neno moja la Kiarabu lililopokewa na mikono miwili tofauti.

Lilifika Uingereza lini?

Katika karne ya 13, likitokea Ufaransa. Wanajeshi wa Msalaba walikuwa wamekwisha kuiona sukari kwa macho yao huko Sham, yaani Siria na nchi jirani zake. Mwanahistoria William wa Tyre, aliyeandika karne ya 12, aliisifu kama kitu cha thamani kubwa kwa matumizi na afya ya wanadamu. Venice ikawa lango la kuiingizia Ulaya.

Ilikuwa adimu mno. Mwaka 1226 Henry III wa Uingereza alimwagiza meya wa Winchester amtafutie ratili tatu za sukari ya Alexandria, kama kiasi kikubwa hivyo kingeweza kupatikana kwa wakati mmoja kwa wafanyabiashara wa gulio. Ratili tatu ni kama kilo moja na theluthi! Leo mama ntilie huzimaliza kabla ya adhuhuri. Mfalme mzima aliziomba kwa shaka.

Mwishoni mwa karne ya 14 mshairi Chaucer aliandika "sugre" katika orodha ya vitu vya anasa, pamoja na tangawizi na viungo vingine.

Kabla ya hapo Waingereza walitia nini?

Asali, na matunda. Ndiyo maana maneno yao ya zamani ya mapenzi na utamu yamejaa asali.

Nasi pia tulianza na asali, ingawa neno "asali" lenyewe tumelikopa kwa Waarabu. La Kibantu tumebaki nalo kwa mdudu, nyuki, wakati Wanyarwanda bado huiita asali ubuki. Muwa je? Waarabu huuita qasab, na sisi hatukulichukua hilo. Muwa, miwa: umekaa kwenye ngeli yake ya M-MI kama mti wowote wa kwetu. Mmea tukauita kwa jina letu, punje tukaziita kwa jina la aliyezileta.

Kwa nini "sugar" huandikwa kwa s lakini husomwa sh? Na g imetoka wapi?

Wanafunzi wa Kiingereza huteseka hapa, na wana haki. Maneno ya kawaida ya Kiingereza yanayoanza na su na kusomwa shu ni mawili tu, "sugar" na "sure", pamoja na jamaa zao kama "sugary" na "surely".

Sababu ni moja kwa yote mawili. Yalitoka Kifaransa, na u ya Kifaransa si u yetu: midomo hukunjwa kama ya kusema u huku ulimi ukikaa mahali pa i. Waingereza hawakuiweza, wakaifanya "yu". Neno likawa kama "syugar". Sasa wewe sema "syu, syu, syu" haraka haraka, usikilize ulimi wako unavyoteleza kuelekea shu. Ndivyo ulivyoteleza wao. Matamshi yakabadilika, tahajia ikabaki palepale ilipokuwa.

Kuhusu g, Kifaransa kilikuwa na k, kama Kiarabu na kama sisi. Kiingereza kililegeza sauti hiyo, kama kilivyolegeza flacon ya Kifaransa, chupa, ikawa "flagon". Kwa hiyo neno la Kiingereza limepoteza s ya mwanzo kwenye matamshi, limepoteza k ya katikati, na wengi wao hata r ya mwisho hawaitamki. Sukari imeshika zote tatu: s, k, r. Mwarabu wa karne ya 10 angeielewa. "Shuga" angeuliza ni nini.

Wahindi wenyewe bado husema sharkara?

Kihindi kina shakkar, ambalo ni la ukoo huu huu. Lakini sukari nyeupe ya dukani huiita chini, irabu zote mbili zikivutwa, na maana yake ni "ya Uchina". Sukari ya mabonge yanayong'aa kama kioo huiita misri, yaani "ya Misri".

Tafakari hilo. Watu walioipa dunia jina la sukari wanaiita sukari nzuri kwa majina ya nchi za mbali. Ufundi ulitoka kwao ukaenda Misri, Wamisri wakaupiga msasa hadi sukari yao ikasifika kila mahali, kisha ikarudi India ikiwa na jina la mgeni. Nimewahi kulieleza hili mbele ya mzee mmoja mwenye duka, Mhindi, ambaye maisha yake yote alikuwa akiuza misri kwa ajili ya sherehe za dini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hajawahi kulisikia jina la nchi ndani yake. Hutokea hivyo hivyo kwetu sote: neno la kila siku hatulisikii.

Sukari guru nayo?

Guru, au nguru kama wasemavyo wengi Kenya, ni lile donge la kahawia lisilosafishwa. Limetoka kwenye gur la Kihindi, mtoto wa guda niliyoitaja juu. Waindonesia na Wamalay huita sukari yote gula, na hilo pia ni la Kisanskriti. Kwa hiyo tukisema "sukari guru" tunaunganisha maneno mawili ya jiko moja: la kwanza limezungukia Uajemi na Uarabuni, la pili limevuka bahari likitoka India. Yamekutana tena kwenye mizani ya duka letu.

Kiingereza huliita donge hilo "jaggery". Wareno walilichukua katika pwani ya kusini ya India kutoka kwenye umbo la huko la sharkara, wakasema jágara. Maana yake "jaggery" na "sugar" ni neno moja lililopita milango miwili.

Maneno gani mengine ya Kiingereza ni ya ukoo huu?

"Sucrose", jina la kikemia, limetengenezwa kutoka sucre ya Kifaransa katika karne ya 19. "Saccharin" na "candy" nimekwisha kuyataja.

"Syrup" na "sherbet" si ya ukoo huu, ila ni majirani wa karibu: yametoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kunywa, sh-r-b, ambao ndio uliotupa sharubati. "Molasses" limetokana na neno la Kilatini la asali. Na "treacle", ile shira nzito nyeusi, lilianza kama jina la Kigiriki la dawa ya kuumwa na mnyama mwenye sumu. Dawa ilichanganywa na vitu vitamu ili imezeke, mwishowe utamu ukabaki na jina.

Ilikuwaje neno la anasa likawa neno la kila siku?

Jibu la swali hili lina damu, na siwezi kulipita haraka.

Mwaka 1493, katika safari yake ya pili, Columbus alichukua miche ya miwa kutoka visiwa vya Canary akaipeleka Karibiani. Mashamba yakaenea, na kazi ya miwa ni ya kuua: kukata juani, kukamua usiku na mchana kwa sababu muwa uliokatwa huharibika upesi, kusimama mbele ya matangi yanayochemka. Waliofanyishwa kazi hiyo walikuwa Waafrika waliotekwa na kuuzwa. Kadiri walivyoongezwa, bei ya sukari ilishuka London. Mwaka 1700 Mwingereza mmoja alitumia wastani wa ratili 4 kwa mwaka. Mwaka 1800 zilikuwa ratili 18. "Sugar" likaacha kuwa neno la mfalme anayeandikia meya, likawa neno la mama anayemwagiza mtoto dukani.

Wapo Waingereza walioliona jambo hilo. Mwaka 1791 kulianza mgomo wa kutonunua sukari ya Karibiani, na Thomas Clarkson, mpinga utumwa, alikadiria kwamba watu 300,000 waliiacha. Bunge lilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na sheria ya kuwaacha huru watumwa wa makoloni ikapita mwaka 1833.

Pwani yetu haikusalimika. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watu 1,000 kila mwaka, wapelekwe visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Kimojawapo ndicho Mauritius ya leo, kisiwa ambacho baadaye kilifunikwa na miwa karibu chote. Na bonde la Pangani katika karne ya 19 lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Abushiri bin Salim, tunayemkumbuka kwa kupigana na Wajerumani kuanzia mwaka 1888, alikuwa na shamba la miwa huko. Nayasema yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli.

Je, sukari yote ya Ulaya hutoka kwenye miwa?

La. Mwaka 1747 Mjerumani Andreas Marggraf aligundua kwamba kiazi sukari kina sukari ile ile, na mwanzoni mwa karne ya 19 kiwanda cha kwanza kikaanza kazi Silesia. Sehemu kubwa ya sukari inayotengenezwa Ulaya leo hutoka kwenye kiazi hicho. Neno halikubadilika.

Kwa nini ugonjwa nao unaitwa sukari?

"Ana sukari," tunasema, na kila mtu anaelewa. Kitaalamu ni kisukari, ingawa sokoni kisukari ni ndizi ndogo tamu. Bibi yangu aliugua, na alikuwa akikasirika mtu akimwambia ana kisukari. "Mimi ni ndizi?" Alitaka iitwe sukari, kama alivyoambiwa na daktari wake wa kwanza.

Namna hii ya kuuita ugonjwa haiko kwetu peke yetu. Kusini mwa Marekani, hasa kwa wazee, mtu husemwa kwamba ana "sugar". Matabibu wa kale wa India waliuita madhumeha, mkojo wa asali, wakiwa wamegundua kwamba mkojo wa mgonjwa huvuta sisimizi. Jina la Kilatini la kitabibu, mellitus, nalo lina asali ndani yake. Mwaka 1776 Matthew Dobson, daktari wa Liverpool, aliuchemsha mkojo wa mgonjwa mpaka ukakauka, akabaki na unga mweupe wenye ladha ya sukari.

Majirani zetu huitaje?

Waganda husema sukaali, Wanyarwanda na Warundi isukari, Wakikuyu cukari, na kwa Kilingala ni sukali. Wote wamo upande wa Kiarabu, na wengi wao neno liliwafikia kwa kinywa cha Mswahili, pamoja na misafara iliyoingia bara. Ukishuka kusini, mambo yanageuka. Wazulu husema ushukela. Wamalawi husema shuga. Hao waliipata sukari kwa mikono ya Waingereza, na sh ya Kiingereza imeganda kwenye neno.

Mpaka wa njia hizo mbili unaweza kuuvuka kwa miguu. Nenda Kasumulu, upande wa Tanzania, uagize chai kwenye kibanda, utaulizwa kama uwekewe sukari. Gonga pasipoti, vuka daraja la mto Songwe, uagize chai nyingine. Utaulizwa kuhusu shuga.